Mwaka wa Vioo vya Mama Aika

Mwezi uliopita tulisoma arobaini ya Fundi Mchopa, hapo hapo Kariakoo, kwenye nyumba aliyoishi mpaka mwisho. Wanaume walikaa mbele chini ya turubai, wanawake uani, na mimi kama kawaida yangu nikaishia ukumbini, nusu huku nusu kule, maana kuna wanaume wanaoniita fundi na wanawake wanaoniita mama, na wote wana haki yao. Pilau ilipokwisha kugawiwa, kijana mmoja mwenye gereji yake Buguruni akasimama kumsifu marehemu. Akasema, "Mzee yule alikuwa na sikio. Unamletea gari, hajafungua hata skrubu moja, anakwambia mota ya kioo chako imekwisha kaboni ya upande fulani. Sikio kama lile Bongo hii halipo tena." Watu wakaitikia kwa vichwa. Shomari, ambaye zamani alikuwa mwenyekiti wa gereji yetu na sasa anatembea na fimbo, akaniangalia kutoka kwenye kiti chake cha plastiki. Mimi nikaangalia sahani yangu. Sote wawili tulikuwapo mwaka ule, na sote wawili tukanyamaza, kwa sababu msibani hapafai kumsahihisha mtu anayesifia. Lakini nimerudi nyumbani na jambo lile limenikaa kooni, na kwa kuwa sikuzaliwa mtu wa kunyamaza, acha niliseme hapa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Habari za nani alinizaa na wapi tuziache, hazikunisaidia chochote kwenye magereji ya mtaa wa Gerezani. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi, umeme wa magari, na kwa wiki tatu nilizunguka gereji moja baada ya nyingine na cheti changu kwenye bahasha ya kaki. Kila nilipoingia nilikutana na swali lile lile: "Dada, umeleta gari?" Nikisema sijaleta gari, nimekuja kutafuta kazi, wanatazamana, mmoja anauliza, "Ya kupika?" Sasa, mimi nina mdomo. Nikisema nina mdomo namaanisha yote mawili: nilikuwa mwepesi wa kujibu, na nikiongea napanua midomo yangu yote kama mtu anayetafuna muwa. Nyumbani walikuwa wakisema Somoe akinong'ona Kariakoo, watu wa Upanga wanafunga madirisha. Kwa hiyo kote nilikopita niliacha majibu, na habari zangu zikanitangulia. Nilipofika gereji ya mwisho, nyuma ya maduka ya spea, nikamkuta mzee mmoja mwembamba ameingiza kichwa ndani ya mlango wa gari. Nikampa shikamoo. Kimya. Nikampa ya pili. Kimya. Nikasema moyoni, huyu naye ana nyodo. Alipoinua uso nikampa ya tatu kwa hasira, akajibu "Marahaba" kwa upole kabisa, kana kwamba ndiyo kwanza namsalimia. Nikamweleza shida yangu. Cheti hakukigusa. Aliniangalia usoni, na hasa mdomoni, mpaka nikakereka, kisha akasema, "Kesho njoo na nguo za kazi." Wenzake wakacheka. Mimi nilirudi nyumbani najiona mtu, nikiamini mzee ameona elimu.

Gereji yenyewe ilikuwa uwanja wa mchanga uliogeuka mweusi kwa oili, umezungukwa na mabati pande tatu, na upande wa nne migongo ya maduka. Mafundi walikuwa kumi na kitu, kila mmoja na kazi yake, chini ya mwenyekiti Shomari aliyekuwa fundi wa bodi na ambaye nyundo yake ilianza saa mbili asubuhi na kunyamaza saa ya chakula. Saa nne mama ntilie anakuja na birika na ndoo ya chapati, saa saba wali na maharage, na siku ambazo mume wake amepita soko la samaki la Feri, vipande vya samaki wa kukaanga vilivyobaki na chumvi ya kutosha kukufanya umalize jagi la maji. Tulikula tumekaa kwenye viti vya magari vilivyong'olewa, na ndiko nilikojifunza mengi kuliko chuoni, kwa sababu fundi akila anasema ukweli. Nilisikia nani ameharibu gari la mteja akamsingizia dereva, nani anauza mota mbovu kama nzima, na nilisikia walivyokuwa wakisema juu yangu wakidhani naosha mikono: "Atakaa mwezi." "Mwezi? Hamalizi wiki huyo, ataolewa."

Fundi Mchopa alifanya kazi moja tu, vioo vya umeme vya magari ya zamani. Mtu wa leo anaweza kuona ni kazi ndogo, kioo kupanda na kushuka. Basi keti ndani ya gari mchana wa Januari kioo kimegoma kushuka, halafu uje tuzungumze. Magari yale yalikuwa yameingia nchini na wakubwa na matajiri, yakashuka kwa watoto wao, kisha kwa watu wa kawaida, na hewa ya chumvi ya mji huu ilikuwa imekwisha kula kila kilichojificha ndani ya milango. Mafundi wengine walikuwa na dawa moja: ng'oa mota, tupa, funga mashine ya kuzungusha kwa mkono ya gari lingine, toboa kava, mteja aende. Fundi Mchopa hakuweza kuvumilia jambo hilo. Alivua kava la ndani la mlango bila kuvunja pini hata moja, akalilaza juu ya kipande cha kanga. Alikikaza kioo kwa kabari ya mti ili kisidondoke, kwa sababu mashine ya kioo ina springi nene iliyojikunja, na ukiifungua ovyo inaruka na mkono wako. Akaitoa mota, ndogo tu, ya kuenea kiganjani, akaifungua, akaifuta grisi ya miaka iliyoganda ikawa kama halua, akaosha kila jino kwa mafuta ya taa. Zile kaboni mbili zinazopeleka umeme ndani, zikiwa zimekwisha, alichonga nyingine kwa msasa kutoka kwenye kaboni kubwa ya mota ya starta, akizipima kwa kuzisugua kwenye ukucha. Waya wa shaba ukiwa umeungua alisuka upya, mzunguko kwa mzunguko, midomo yake ikihesabu. Nilimtazama mzee yule akifanya kazi na nikasema wazi, hata leo nasema, sijawahi kuona mikono yenye heshima kama ile.

Na kulikuwa na jambo la bisibisi. Kabla ya kufungua mlango, alimwagiza mtu akae ndani abonyeze swichi, yeye akapitisha bisibisi ndefu hadi iguse mota, na mpini wake akaung'ata. Aling'ata kwa magego, akafumba macho, akatulia. Kisha akautoa mdomoni na kusema ugonjwa: kaboni, au grisi, au jino limevunjika, na hakukosea. Mafundi wengine hapo zamani walikuwa wakisikiliza injini kwa kuweka mpini wa bisibisi sikioni, kama wanavyofanya mafundi wote, lakini walipoona Mchopa anang'ata, na wakaona hakosei, wakaamua ndiyo siri yenyewe. Nilipofika mimi, gereji nzima ilikuwa inang'ata bisibisi. Vijana wa injini wanang'ata, wa gia boksi wanang'ata, hata Shomari, fundi wa bodi asiye na chochote cha kusikiliza, alijaribu siku moja kwenye bomba la moshi lililokuwa bado la moto akaungua mdomo wa chini, akala uji siku mbili. Mimi nami niling'ata miezi miwili, sikusikia kitu zaidi ya kichwa kuvuma, na sikumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyekuwa anasema kwamba hasikii kitu.

Kwa ajili ya bisibisi ile tulikuwa na sheria mbili. Fundi akiwa na bisibisi mdomoni, ishara ni kichwa: akitikisa, bonyeza. Akiwa hana kitu mdomoni, ishara ni neno. Anasema "Juu" au "Chini", na wa ndani habonyezi mpaka asikie neno, kwa sababu mashine ya kioo ina meno na mkono wa fundi uko katikati yake. Kila mtu pale aliijua sheria hiyo.

Kuelekea katikati ya mwaka akaja Mama Aika. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa jumla, Mchaga mwenye duka la vyombo Kariakoo, mama mnene mpole wa sura lakini akitoa amri hata wapagazi wanatua mizigo. Marehemu mumewe alikuwa amemwachia gari la Kijerumani, rangi ya maziwa, viti vya ngozi, vioo vinne vya umeme na vyote vinne vimekufa. Lilikaa kwenye banda miaka. Sasa Aika, binti yake, alikuwa anaolewa, na mama alikuwa ameapa kwamba binti ataingia kanisani na gari la baba yake. "Sitaki la kukodi," alimwambia Fundi, amesimama mbele yake uso kwa uso. "Na sitaki hivyo vya kuzungusha. Matarumbeta yatakuwa mbele, mpiga video atakuwa juu ya pikapu, na mtoto wangu atashusha kioo apunge mkono, kisha akipandishe vumbi lisimguse. Kama baba yake alivyokuwa anafanya." Fundi akasema, "Vitashuka na vitapanda, mama." Tukaanza. Mlango wa dereva ulituchukua siku tatu, wa pili siku mbili. Wa tatu, nyuma kushoto, Fundi aliniachia mimi mota nzima, akakaa pembeni na kunitazama, na ilipozunguka mezani bila kukwaruza aliniambia neno moja, "Vizuri," nikakosa usingizi kwa furaha.

Mlango wa nne ulikuwa wa nyuma kulia, ndio wa bibi harusi. Mota ilikuwa imesharudishwa, kava bado liko chini, mimi niko ndani kwenye swichi na Fundi yuko nje amepiga magoti. Akasema "Juu," nikabonyeza, kioo kikapanda robo kikakwama. Nikaachia. Akaingiza mkono mlangoni kupapasa. Shomari alikuwa hatua tano kutoka pale ananyoosha bampa, nyundo yake inapiga bila kupumzika. Nikauliza kwa sauti, "Fundi, nijaribu tena?" Akatikisa kichwa kukubali. Nilimwona kupitia nafasi ya kioo, kichwa kikishuka na kupanda kama mtu anayesema ndiyo. Hakuwa na bisibisi mdomoni. Nilipaswa kungoja neno, najua, lakini nilikuwa nimeuliza na nimejibiwa, na nilikuwa na haraka ya kuona kazi yetu inakwisha. Nikabonyeza. Sauti aliyoitoa mzee yule sitaiandika. Nilipofika upande wa pili meno ya mashine yalikuwa yameshika kidole chake cha kati cha mkono wa kushoto, na ilibidi tubonyeze chini ndipo kitoke. Pingili ya mwisho haikutoka nacho.

Wakamfunga kitambaa wakamkimbiza hospitali kwa teksi. Mimi nilibaki nimesimama, damu yake kwenye viatu vyangu, na watu wakaanza kuuliza. Nikasema nilimuuliza, akakubali. Shomari akauliza, "Alisema 'Juu'?" Nikasema hapana, alitikisa kichwa. "Alikuwa na bisibisi mdomoni?" Hapana. "Basi ulibonyeza bila neno." "Nani alikusikia unauliza?" Hakuna, kwa sababu ya nyundo yake mwenyewe, lakini hilo huwezi kumwambia mwenyekiti. Siku ya tatu Fundi alipita gereji, mkono umefungwa bandeji mpaka kifundo, kuchukua redio yake. Shomari akamuuliza mbele yangu, "Fundi, huyu anasema alikuuliza ukaitika. Ni kweli?" Fundi akamwangalia Shomari mdomoni, kisha akaangalia chini. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akachukua redio yake akaondoka. Na kimya kile, kwa watu wote waliokuwapo, kilikuwa jibu. Shomari akaamua nisiguse gari lolote mpaka Fundi atakapoamua mwenyewe, na kama hataamua, basi mwisho wa mwezi nikatafute kazi nyingine. Mama Aika alipoambiwa alisema maneno mafupi: "Huyo msichana asikae tena ndani ya gari langu." Mtaa mzima wa spea ulijua. Nikienda kununua fyuzi wananiuliza leo nimekuja kukata nani.

Nilimpenda mzee yule, na kwa wiki mbili nilimchukia kuliko mtu yeyote. Nilikaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa nikiosha spea za watu, nikijiuliza nimemkosea nini mpaka anizike nikiwa hai. Kazi ilikuwa moja tu niliyoitaka duniani. Nilijua nikitoka pale kwa jina lile hakuna gereji nyingine itakayofungua mlango. Mbaya zaidi nilianza kujitilia shaka: labda sikuuliza, labda niliuliza kichwani tu, labda wanaume wale wana haki nikapike.

Jumapili ya pili nikanunua mkate na machungwa nikaenda kumjulia hali, maana kumchukia mtu si sababu ya kuacha kumtembelea mgonjwa. Alikuwa akikaa vyumba viwili kwenye nyumba ya zamani ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na mapazia ya mauamaua milangoni. Mkewe, Bi Mwanaidi, alinipokea, akanikalisha kwenye mkeka ukumbini na kuniletea sahani ya wali wa nazi na kisamvu. "Kula kwanza, amelala, namwamsha," akasema, akaingia chumbani. Nikasikia anagonga ubao wa kitanda, si mlango, ubao wa kitanda, mara tatu. Kisha akaanza kuongea. Mimi nilidhani naongea kwa nguvu. Mama yule alitoa sauti kila neno limekatwa na kuwekwa peke yake, na pazia la mauamaua halikuzuia hata moja. "Mtoto. Wa watu. Amekuja. Na mkate." Fundi akajibu kitu kwa sauti ya kawaida. "Mpaka lini? Utamwacha. Abebe. Yeye? Kwa sababu. Unaona haya. Kusema. Husikii?" Fundi akasema, na hili nalo nililisikia vizuri, "Wakijua, nani ataniletea gari?" Naye akamjibu, "Na yeye. Nani. Atampa kazi?"

Wali ulibaki mdomoni. Nikakumbuka shikamoo zangu mbili. Nikakumbuka kwa nini alikuwa akiwageukia wateja uso kwa uso, na kwa nini redio yake siku zote ilikuwa mezani chini ya kiwiko chake na si mbele yake. Nikaielewa bisibisi: mzee alikuwa anasikia kwa mifupa ya taya kile ambacho masikio yalikuwa yamekataa, na wanaume kumi na kitu walikuwa wanaharibu meno yao kuiga ugonjwa wake. Nikaelewa pia kilichoniuma kuliko vyote, kwamba hakunichukua kwa ajili ya cheti. Alinichukua kwa mdomo huu, mdomo ambao kila mtu aliulalamikia, kwa sababu ulikuwa mpana kiasi cha kusomeka. Na siku ile alitikisa kichwa kwa sababu alikuwa ameukuta waya uliolegea, kama alivyokuja kuniambia baadaye, anajikubalia mwenyewe, wala hakuwa na habari kama kuna mtu ameuliza kitu. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na vyote viwili havifai kwenye nyumba ya watu. Bi Mwanaidi akatoka, akaniona uso. "Umesikia," akasema. Nikamwambia, "Nimesikia nini, mama?" Akaniangalia kidogo. "Haya. Kula."

Nilipoingia alikuwa amekaa kitandani, mkono umelala kwenye mto. Chumba kilikuwa na dirisha moja dogo. Badala ya kukaa kwenye stuli iliyowekwa karibu na mlango, nilipita nikasimama karibu na dirisha, nikageuka mpaka mwanga ukaniangukia usoni, ndipo nikasema, taratibu, "Shikamoo Fundi. Pole." Aliangalia pale niliposimama, akaangalia dirisha, akanitazama mimi.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu sasa hivi."

"Umemwambia nani?"

"Nitamwambia nani, Fundi? Nani ataniamini?" Nilikuwa na hasira bado, na sikuificha. "Ningeweza kwenda kwa Shomari saa hizi nikamwambia. Ningekuwa nimejisafisha."

"Unaweza," akasema.

"Najua naweza."

Alikuwa ametoa jasho kwenye paji la uso kama anayebeba kitu. Mwishowe akasema, "Kesho njoo na nguo za kazi." Nikamwambia Shomari amenikataza kugusa gari. Akasema, "Nimesema kesho njoo."

Kesho yake asubuhi gari la rangi ya maziwa lilikuwa palepale, mlango wa nyuma kulia uko wazi kama tulivyouacha, na Mama Aika alikuwa amesimama pembeni na dereva, amekuja kulihamisha kwa fundi mwingine kwa sababu harusi ilibaki siku tano. Mafundi walikuwa wamekusanyika, wengine vikombe vya chai mkononi. Fundi Mchopa akaingia na bandeji yake, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Shomari, akamwomba aweke nyundo chini. Uwanja ukanyamaza. Kisha akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwa kuwa yeye hakuijua tena sauti yake ilivyo, "Huyu binti aliniuliza. Hakukosea. Mimi sikumsikia. Sisikii mwaka wa tatu huu. Nasoma midomo yenu, na mkinigeuzia mgongo sijui mnasema nini. Nilinyamaza nikamwacha yeye alaumiwe, na hilo ni baya kuliko kidole." Akamgeukia Mama Aika. "Gari ni lako, mama, ukitaka kuliondoa liondoe. Lakini kioo hiki kimebaki waya mmoja."

Hakungoja jibu. Aliwageuzia mgongo wote, akanionyesha kiti cha nyuma. Nikaingia, nikakaa kwenye swichi. Yeye akapiga magoti pale pale alipopiga siku ile, akaingiza mkono mzima, ule wa kulia, uliokuwa umebaki, katikati ya meno ya mashine, akakaza waya, na kuacha mkono humo. Akaniangalia mdomoni kupitia nafasi ya kioo. "Uliza," akasema.

Ndipo nyuma yake walipoanza kuongea. Nilikuwa nimewaelekea, nasikia kila neno. Mmoja akasema kumbe miaka yote tunafundishwa na kiziwi. Mwingine akasema ndiyo maana kidole kimeenda, na bado vidole tisa. Dereva akamwambia Mama Aika, "Mama, tuondoke, huyu mzee amekwisha." Mama Aika akasema, "Ngoja kidogo," kwa sauti ya mtu ambaye bado hajaamua. Shomari, rafiki yake wa miaka mingi, alisema neno ambalo sitaliandika kwa sababu bado yuko hai na amelijutia. Fundi hakugeuka. Alikuwa ananitazama mimi tu.

"Nijaribu tena?" nikauliza.

Akatoa mkono, akauinua juu ya kichwa ambapo kila mtu angeuona, vidole vyote vitano. "Juu."

Nikavihesabu kwanza vile vidole vitano. Akasema tena, kwa upole, kama siku zote, "Juu." Nikabonyeza. Kioo kikaanza kupanda, hakikukwaruza, hakikusita, kikapita pale kilipokwama, kikafika juu na kugusa mpira. Tulibaki tumetazamana, yeye nje, mimi ndani. Nikakishusha. Mdomo wake ulikuwa mkavu, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba anaogopa.

"Wanasemaje?" akaniuliza.

Nikawaangalia wote waliokuwa nyuma yake, kisha nikamwangalia yeye, nikaupanua mdomo wangu ili asikose hata neno moja.

"Wanasema kioo kimepanda vizuri, Fundi."